Kola ya Viatu Juu ya Jipu

Kamembe, 3 Oktoba 2024

Ikirezi mtoto wangu,

Salamu nyingi kuliko viatu vya soko zima la Kamembe. Uko muzima? Masomo ya uuguzi Huye yanakwendaje? Mimi nadunda, ila jipu limenikalia pajani bila hodi. Nimelitoboa na sindano yangu ya ngozi ya ng'ombe, halafu nikaziba na kola ya viatu, ile gundi ya kubandika soli. Fundi aliyevalisha bakubwa ba Bukavu na Bujumbura ashindwe na jipu? Viatu vyako vya siku ya diploma nimeshakata ngozi.

Papa yako,
Mudathiru

Huye, 5 Oktoba

Asalam alaykum Papa,

Mimi mzima, lakini umenitisha. Bandua hiyo kola! Usaha ukikosa njia, vijidudu vinaingia damuni, na damu inavipeleka kwenye figo. Huko vinaota vijipu vidogo ambavyo sindano yako haifiki. Una homa? Mkojo ukoje? Kwa nini umezima simu?

Mtoto wako

Kamembe, 11 Oktoba

Daktari wangu mdogo,

Salamu tena. Simu nimezima maana unagomba kuliko marehemu mama yako. Figo mimi nazijua kwa mishikaki tu! Homa iko kidogo. Mgongo unauma, lakini fundi gani asiyeumwa mgongo? Mkojo umekuwa kama chai ya rangi, basi nimeacha chai. Hospitali nitaenda viatu vikiisha.

Papa yako

Huye, 12 Oktoba

Papa,

Leo sina salamu. Acha viatu! Diploma nitaichukua na kandambili. Jirani Ndayisaba akupeleke hospitali na moto yake, ile pikipiki, leo hii. Nakuomba.

Mtoto wako

(Barua hii ya mwisho niliikuta ndani ya kiatu cha kushoto, tulipotoka makaburini. Ikirezi)

Hospitali, 17 Oktoba

Ikirezi wangu,

Sikuulizi hali, najua unalia. Ndayisaba alinileta siku ile ile barua yako ilipofika, ila docteur anasema nimechelewa wiki nzima. Vijidudu vimejaa damuni, figo zimegoma. Tangu juzi sijakojoa. Miguu imevimba: fundi mzima, sina kiatu kinachonienea! Cheka kidogo, mama.

Kesho wananipeleka kwenye mashine ya kusafisha damu. Viatu nimevimalizia hapa kitandani. Mshono wa kiatu cha kulia umepinda, unisamehe. Soli nimezishona kwa uzi peke yake.

Kola sikutia hata tone.

Papa yako