Ugali wa Maji ya Bahari

Jumatano. Jua kali tangu asubuhi, upepo hakuna. Tanga limelegea kama shuka kwenye kamba, na mashua inayumba tu pale pale.

Nimechoka. Zamu yangu ya usukani ilianza kabla jua halijatoka, halafu nikasugua sitaha, nikaosha vyombo, nikapiga pampu ya kutoa maji yanayojikusanya chini ya sakafu. Majirani zangu kule Mutuini ninakopanga wanadhani niko likizo.

Kwa asiyenijua, nilikuwa nikitunza bustani ya Mzee Ndirangu kule Kileleshwa. Alipostaafu alinunua mashua hii, akataka kuvuka hadi Shelisheli na mkewe, Mama Njeri. Akaniuliza kama naweza kupika na kuvuta kamba. Nikasema naweza. Bahari nilikuwa sijaiona. Kwetu ni Webuye, bara kabisa.

Bahari imemkataa Mama Njeri tangu tutoke Mombasa. Kila anachokula kinarudi. Asubuhi Mzee aliniambia kwa sauti ya chini kwamba leo ikipita bila chakula kukaa tumboni mwake, jioni tunawasha injini na kurudi.

Sitadanganya. Nilifurahi.

Nilishajiona niko Mutuini, nimelala kwenye kitanda kisichoyumba.

Mchana Mama akaita kutoka kitandani. Alitaka ugali. Si uji, si biskuti. Ugali.

Sasa, mashine ya kusafisha maji ya bahari iliharibika, na Mzee amekataza mtu kugusa maji ya tangi bila kumwuliza. Kila mmoja ana chupa yake ya kunywa. Viazi huwa tunachemsha kwa maji ya bahari yaliyochanganywa na ya tangi anayopima Mzee. Basi mimi nikachota ndoo, nikajaza sufuria bila kuchanganya na chochote. Kwetu ugali hautiwi chumvi, kwa hivyo hata wazo la chumvi halikunijia. Nilisonga mpaka nikajisifu.

Mama alikuja mezani, akameza tonge moja, akafumba macho.

"Wafula, hii si ugali. Umesonga bahari."

Mzee alionja, akatema nje. Alisema nimeharibu unga, na kwamba tukifika Mombasa nisimwambie mtu nilikuwa mpishi wake. Kisha akaenda kukagua injini.

Hapo ningeweza kunyamaza. Ningeosha sufuria, jioni ifike, turudi. Kulaumiwa nilikuwa nimeshalaumiwa.

Lakini Mama alikuwa bado amekaa pale mezani, mikono mapajani, kama mgeni anayeona haya kuuliza chakula kiko wapi.

Nikachukua chupa yangu ya kunywa, nikamimina maji yote kwenye sufuria. Ukatoka ugali mdogo, wa mtu mmoja. Ya kunawa hayakubaki, na mimi siwezi kumwekea mtu ugali bila kumnawisha. Nikamletea ndoo ya bahari. Akanawa, akajifuta, akaanza kula.

Nilisimama karibu nikingoja chakula kirudi.

Hakikurudi.

"Hii sasa umeweza," alisema. "Lakini hii chumvi kidogo umetoa wapi?"

Nikamwonyesha mikono yake. Akalamba kidole kimoja, akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuondoke.

Mzee alisikia kicheko akaja. Aliona sahani tupu, akaona na chupa yangu tupu. Alinigawia maji yake, akaniambia siku nyingine niombe, mdomo ninao.

Injini haijawashwa. Upepo ukija tunaendelea mbele.

Kwa hivyo kitanda cha Mutuini kitaningoja, na nimejinyima mwenyewe. Nimeuma midomo kidogo nikifikiria hivyo, halafu nikaenda kukunja kamba.

Kesho Mama akitaka ugali, nitaomba maji ya tangi kwanza. Ya kunawa nitachota kule kule baharini.