Picha za Kaburini

Mjukuu wangu Neema,

Ombi lako la kutia picha za kaburini kwenye filamu yako nimelisikia. Nakujibu kwa mwandiko huu huu wa ngumbaru, maana kwenye simu unanikatiza.

Unakumbuka ulivyokuja Mungaa na kamera yako, hakuna kampuni iliyokutuma, ukasema unatengeneza filamu ya wanawake na mashine? Ulimfuata mama yako kutwa nzima akikamua alizeti, simu begani anaongea na wanunuzi, mikono inazoa mashudu. Ukamwuliza mbona wateja wamepungua. Akakujibu, "Mafuta ya meli, haya ya kula yatokayo nje, yamejaa mnadani Ikungi. Mimi nitashindana na meli?" Tulicheka mpaka kamera ikatikisika mkononi mwako. Mimi ukanikataza kuitazama. Nikakwambia, "Mke mwenzangu, hapa ni kwangu, nitatazama ninapotaka."

Mama yako alipokufa ulikuwa Uholanzi, ndege hukupata. Kwa hilo sikukulaumu. Mjomba wako alishika simu juu ya kaburi ili na wewe umzike. Nikachota udongo wangu, nikatupa. Nikachota wako, nikatupa. Ndipo sauti yako ikatoka, watu wote wakisikia: "Mjomba, geuza simu kidogo, jua linapiga kioo."

Naye akageuza! Mchungaji akasubiri. Watu wanazika, wewe kumbe unarekodi, unatafuta mwanga. Nani alikulea hivyo?

Tangu siku ile sijalia. Wanasema bibi ana moyo mgumu. Mgumu wapi, hamna kitu humo. Nakula, nalala, namwagia kuku mtama. Wakimtaja mama yako naona kama wanamtaja mtu wa Nduguti huko, nisiyemjua.

Unasema ulitazama kama mpiga picha kwa sababu ungetazama kama mtoto wake ungeanguka. Sawa. Wenzio hapa walianguka, wakainuliwa. Waliokuja msibani kazi yao ilikuwa hiyo.

Basi sikia. Mama yako anakamua, anacheka, anaisema meli: huyo mwonyeshe dunia nzima, nami nitajivuna. Yule wa kaburini hawezi kukukatalia. Mimi naweza. Futa.

Matanga tumeanua, tumenyolewa wote. Umebaki wewe peke yako na nywele za msiba. Wembe wako nimeuweka. Njoo mikono mitupu.

Ni mimi bibi yako,
niliyemzaa mama yako.