Beseni la Maua Msilitafute

Wajukuu,

Maharage yako jikoni, yamechemka nusu, malizieni. Lile beseni la maua ya zambarau Babu ameondoka nalo.

Asubuhi wenzake wanaosafisha mto kila Jumamosi, na kunywa naye chai baadaye, walimpitia. Siku zote amewaambia kwamba magugu maji yaliyoziba mto yaliletwa na kiboko aliyekuwa akienda harusini na shada kichwani. Leo mmoja wao, fundi cherehani, akachungulia uani, akaliona beseni lenye magugu yale yale, akaufuata kwa macho mtaro unaoteremka hadi mtoni.

“Mzee, kumbe kiboko wako anaishi hapa?”

Hakuna aliyecheka. Wakaondoka bila yeye.

~~Bibi yenu ndiye aliyeyaleta.~~ Babu ndiye aliyeyanunua, akamzawadia Bibi, na kila mvua ikinyesha beseni lilifurika. Sasa anakwenda kuwaeleza hivyo hivyo, kiboko hayumo.

Akirudi kabla ya adhuhuri, wamemfukuza; msimuulize kitu. Akichelewa, jueni anang'oa magugu nao. Basi mpelekeeni buti zake, ziko nyuma ya mlango. Ameondoka na kandambili, asije akaonekana amejialika.

Babu yenu