Aliyeonja Mvinyo wa Mjomba

Mama mpendwa, amahoro.

Mguu unaendeleaje? Jana tuliondoa matanga ya kaka yako hapa Rumonge. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha na shamba lake dogo la mananasi lilinukia hadi ziwani. Ukaletwa mvinyo wa mwisho aliotengeneza, ule wa mananasi yasiyotiwa dawa, unaochachuka mara ya pili ndani ya chupa mpaka unakuwa na povu. Ukamiminwa, halafu kila mtu akabaki na glasi mkononi. Unajua kwetu mgeni hanywi kabla mwenye nyumba hajaonja. Miaka yote alionja Mjomba, na hakuna aliyekuwa amefikiria nani ataonja jana.

Povu likaanza kuisha. Jirani wa Mjomba, mvuvi mmoja Mukongomani, akanong'ona, "Tunakunywa ao tunaangalia?" Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona aibu.

Ndipo mke wa Mjomba akainuka, akanywa funda moja. "Iko muzuri," akasema. "Mukunywe."

Baadaye nilimkuta jikoni ameegemea ukuta. Nikamwambia amefanya vizuri. Akajibu, "Mwanangu, mpaka leo asubuhi nilikuwa ninamungoja. Sasa nimeonja mahali pake."

Nikamshika mkono.

Mama, nakuombea upone upesi. Na mezani kwetu uendelee kuonja wewe kwanza, miaka mingi sana.

Binti yako,
Neema