Kata Mkononi mwa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kinyangiri hatujambo. Uwele unachanua, na mguu wa babu yako unapona polepole. Mimi ndiye situlii. Nimeacha ugoro tangu Jumatano ya Majivu, na kutwa nzima nalizunguka kopo lake.

Unauliza niliwezaje kushinda vishawishi vya Kwaresima nilipokuwa na umri wako. Sikushinda, mama.

Mwaka tuliohamia kijiji cha ujamaa niliapa kuacha pombe mpaka Pasaka. Wiki ya pili ikafika zamu yangu ya kuwapikia pombe ya mtama watu wa shamba la kijiji. Mpishi asipoonja atajuaje imeiva? Nikachota kwa kata, nikaonja. Imeiva. Nikafagia palipokwisha fagiwa, nikarudi, nikachota tena. Kuonja kwa kwanza kulikuwa kazi. Kwa pili kulikuwa kwangu mwenyewe.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Imeiva?"

"Sijui bado, mama."

"Umeonja mara mbili, hujui?"

Aibu ikageuka hasira. "Basi nimeshaharibu, acha ninywe!"

Hakunigombeza. Alinyoosha mkono, akangoja. Nikampa kata, akakaa nayo mapajani hadi watu walipotoka shamba.

Imani yangu siku ile, Neema, ilitosha kuachia kata tu.

Sasa hivi nimemwita babu yako aje achukue kopo la ugoro. Anakuja, na mguu wake ule. Naomba afike upesi.

Bibi yako