Antena Inabaki Pale

Yaya Furaha,

Huku Bunia vumbi inaingia mpaka mu chakula ya sombe, lakini siye tuko muzima. Leo, mu kazi yangu ya kupima kelele yenye mashini zinatupa mu redio, nilipima mashini ya sola ya mwenye duka mumoja. Ikiwaka, muganga wa jirani akiita hospitali ya Aveba kwa redio, anasikia kelele tu. Nikiweka antena yangu ya kupimia metre tatu na mashini, kelele yake inapita mupaka ya sheria.

Mwenye duka akasema, «Rudisha antena metre kumi, itafaulu.»

Nikamujibu, «Mupaka hii ni ya metre tatu. Ukienda mbali, mupaka nayo inashuka.»

Akaniletea samaki ya ziwa, ya Kasenyi, ili nilegeze. Nilikula yote, nikamushukuru, na antena ikabaki pale pale.

Kumbatia mama. Umwambie kichwa nguvu yake, ile ya kukataa kupindishwa, imefika Bunia ndani yangu.

Mudogo wako, Jules