Mama Njoki, Shamba Lako Limepata Mwenyewe Mwingine

Mpendwa jirani yangu Mama Njoki,

Nakusalimu bila kujua uko wapi. Wako wasemao mpo Nakuru, wako wasemao mmerudi Nyeri kwa wakwe zako. Mimi bado niko huku pwani, hapa Kombani.

Tulilima mpakani miaka mingi, mimi na wewe. Nyinyi mlinunua, mkapewa hati. Sisi hatukuwa na hati, tulikuwa na minazi ya baba mkwe wangu na makaburi ya wazee. Hata hivyo mimi ndiye niliyeitwa mwenyeji, na wewe ukaitwa mgeni. Arusini walikukaribisha vizuri, lakini ulipoitwa mkutano wa kisima, hakuna aliyekuambia. Nilikuja kukuchukua mimi.

Mzee wa mtaa alikuona umesimama nyuma ya wanawake, akauliza, "Huyu ana haki gani hapa?"

Nikamjibu, "Ni jirani yangu, analima kama mimi."

"Hata wewe shamba ni la mumeo," akasema. "Keti."

Tukaondoka mkutanoni. Tulipofika kwako ukaanza kucheka, ukacheka mpaka ukafuta machozi kwa leso. "Kumbe sote wageni," ukaniambia.

Kisha ukaja mwaka ule wa fujo, watu wa bara wakaambiwa wahame. Ulikuja asubuhi na watoto wako, godoro likiwa kichwani. Ukasema tu, "Niangalizie shamba." Mume wangu akawasindikiza hadi barabarani. Sikukuaga kama inavyopasa, maana nilidhani utarudi kabla ya mvua.

Nililipalilia shamba lako pamoja na langu. Wanaume wakaja kuniambia wataligawa kwa vijana wao. Nikakataa, nikawaambia lina mwenyewe. Tangu siku hiyo wanawake wenzangu wananiitikia salamu kwa mdomo tu, na kwenye kusaidiana kulima siitwi tena. Mume wangu amepata kazi ya bustani hotelini Diani, huja Ijumaa akarudi Jumamosi. Binti yangu Rehema ameolewa Msambweni. Siku nyingine jua linatua sijasema neno na mtu.

Mwezi uliopita likaja gari. Akashuka bwana mmoja wa Nairobi pamoja na mpima ardhi, akasema mumeo amemuuzia. Ndipo nikajua hurudi. Alikuwa mpole, akaniuliza, "Mama, wewe ni kibarua wa hapa?" Nikamwambia mimi ni jirani. Mzee wa mtaa, yule yule, alimbebea mkoba, akamtolea kiti, na kabla ya adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinamwita mwenye shamba. Naye pia si wa hapa, Mama Njoki, na jembe hajalishika. Wewe uliyelilima mpaka viganja vikakakamaa hukuitwa hivyo hata siku moja.

Sikulaumu. Huenda hata hukuulizwa.

Jana nilikuwa nikichuma mchicha, nikajikuta nimeita jina lako kwa sauti, vile nilivyozoea. Mtu anayechimba mashimo ya nguzo za ua kwenye shamba lako akainua kichwa, akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu, nikaingia ndani.

Mungu akuhifadhi popote ulipo, wewe na watoto.

Jirani yako wa mpakani,
Mama Rehema